Yetu ya Nani? Lugha ya Ardhi, Kabila na Kanisa katika Mipaka ya Meru

1. Utangulizi

Momela ipo upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, ndani na kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Wageni wengi wanapajua mahali hapa kwa maziwa yake ya magadi na heroe wanaotua humo. Wengine wanapakumbuka kwa filamu ya Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962. Mwanahistoria ana sababu nyingine ya kupatazama. Kutoka Momela kuelekea kaskazini, mwendo usio mrefu, mtu hufika Ngarenanyuki. Huko, mnamo Novemba 1951, serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianza kuwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao igawiwe kwa walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto na mifugo ikaswagwa.

Miaka 40 baadaye, mteremko huo huo ulishuhudia ugomvi wa namna nyingine. Kati ya mwaka 1990 na 1993, Wakristo wa Kilutheri wa Meru waligombana juu ya kuanzishwa kwa dayosisi yao. Ugomvi ulioanza vikaoni ulitoka nje ya milango ya kanisa. Watu walipigana, mali iliharibiwa, na dola ikalazimika kuingilia kati.

Matukio haya mawili yana mengi yanayofanana. Yote yalitokea kwa watu wale wale na katika mlima ule ule. Yote yalianza na lalamiko la watu waliojiona wamenyimwa chao. Yote yaliongozwa na watu waliosema kwamba wanautetea Umeru. Hata hivyo, la kwanza liliwaunganisha Wameru na kuwaingiza katika taifa lililokuwa likizaliwa, na la pili liliwagawa Wameru wenyewe kwa wenyewe, ukoo kwa ukoo na nyumba kwa nyumba. Kwa nini?

Wanahistoria na wanaanthropolojia wamekwisha kueleza sababu za kiuchumi na za kisiasa, na mhadhara huu haukusudii kuzipuuza. Unakusudia kuongeza jambo moja ambalo ni la wanafunzi wa lugha. Hoja yake ni kwamba hatari ya dai la kikabila au la kidini haimo katika kabila wala katika dini peke yake. Imo pia katika namna dai hilo linavyomweka msikilizaji: kama linamweka ndani au nje, na kama linamwachia nafasi ya kujibu. Kiswahili, kwa umbo lake lenyewe, kinaruhusu yote mawili, na ndiyo maana wataalamu wa Kiswahili wana wajibu katika suala hili.

2. Kimilikishi -etu na maneno jirani

Zipo lugha ambazo hutofautisha "sisi" jumuishi, yaani msemaji pamoja na msikilizaji, na "sisi" bagushi, yaani msemaji na wenzake bila msikilizaji. Kimalei, kwa mfano, kina neno kita kwa maana ya kwanza na kami kwa maana ya pili. Mzungumzaji wa Kimalei hawezi kusema "ardhi yetu" pasipo kumjulisha anayemsikiliza kama naye amo au hamo. Kiswahili hakina mgawanyo huo. Mtu asemapo "ardhi yetu", "kanisa letu" au "watu wetu", sarufi inanyamaza. Ni muktadha, sauti ya msemaji na historia ya wawili hao ndivyo vinavyoamua.

Ukimya huu wa sarufi si upungufu. Katika matumizi ya kila siku ni adabu kubwa. Mswahili humkaribisha mgeni "nyumbani kwetu", na kwa kauli hiyo mgeni huweza kujihisi yumo, ingawa nyumba si yake. Lakini ukimya huo huo unaweza kugeuzwa. Neno lililomkaribisha mgeni jana linaweza kumfukuza leo bila hata herufi moja kubadilika.

Maneno mengine ya uwanja huu yana historia inayofanana. Neno taifa limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kundi au sehemu ya watu. Katika Kiarabu cha leo, mzizi huo umezaa neno lenye maana ya siasa za kimadhehebu, zile ambazo Walebanoni wamezilalamikia kwa miaka mingi. Katika Mombasa ya kale, taifa lilikuwa jumuiya ndani ya mji. Hadi leo wenyeji wanazungumzia Thelatha Taifa na Tisa Taifa, yaani makundi mawili ambayo kwa pamoja yalifanya mataifa 12 ya Waswahili wa mji huo. Ni katika karne ya 20 tu ndipo neno hili lilipokwea hadi kumaanisha watu wote wa nchi moja, nalo kabila likaachiwa maana iliyo chini yake. Kwa hiyo mstari unaotenga taifa na kabila haukuwa katika maneno tangu mwanzo. Ulichorwa na watu waliokuwa na haja ya kuuchora.

Vivyo hivyo neno mpaka. Wengi hulifahamu kama mahali pa kukomea, na hata kama kihusishi huonyesha kikomo. Lakini neno hili lina undugu na kitenzi pakana, ambacho kimebeba mnyambuliko wa kutendana. Shamba moja haliwezi kupakana peke yake. Katika lugha yenyewe, mpaka ni uhusiano wa wawili kabla haujawa ukuta wa mmoja.

3. Mlima wa watu waliochanganyika

Historia ya Meru inathibitisha maana hiyo ya pili ya mpaka. Wameru, ambao hujiita Varwa, huzungumza Kirwa, lugha iliyo karibu sana na Kichaga cha Machame. Majirani zao wa upande wa magharibi na kusini-magharibi, Waarusha, ni wakulima wanaozungumza Kimaa. Kwa muda mrefu makundi haya yalipigana na pia kuoana, na yaliazimana desturi. Wameru walichukua kutoka kwa majirani wao wa Kimaa utaratibu wa marika pamoja na cheo cha laigwanani, msemaji wa rika. Jina la Ngarenanyuki lenyewe, mahali palipokuja kuwa alama kuu ya madai ya Wameru, ni la Kimaa, nalo maana yake ni maji mekundu.

Dini mpya nayo iliingia kupitia mpaka huo uliochanganyika. Mnamo Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri na wapiganaji wa Kiarusha na wa Kimeru. Wajerumani walijibu kwa misafara ya kuadhibu iliyoua watu na kupora mifugo. Wamisionari walirudi mwaka 1902 na kujenga Nkoaranga. Katika muda wa vizazi viwili hivi, Ulutheri ukawa sehemu ya kuwa Mmeru, kiasi kwamba shule, hospitali na kanisa vilihesabiwa kuwa mali ya nchi kama ilivyo migomba na mifereji.

Wakati huo huo ardhi ilipungua. Utawala wa Kijerumani, na baadaye wa Kiingereza, uliwapa walowezi mashamba yaliyouzunguka mlima kama mkanda. Baadhi ya walowezi hao walikuwa Makaburu waliotoka Afrika Kusini; wengine walikuwa Wajerumani, na Momela yenyewe ikawa miongoni mwa mashamba yao. Wameru walibanwa kati ya msitu wa hifadhi juu na mashamba ya walowezi chini. Kwa mara ya kwanza, mpaka ulikuwa mstari wa kwenye ramani uliochorwa na mtu asiyepakana na yeyote.

4. Dai la ardhi, 1951 hadi 1952

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi. Ripoti yake ya mwaka 1947 ilipendekeza Wameru waondolewe katika mashamba mawili, namba 31 na 328, yaliyokuwa pande za Ngarenanyuki na Leguruki, ili eneo hilo liwe la walowezi wa Kizungu watupu, wafugaji wa ng'ombe. Wameru waliambiwa wahamie Kingori. Walikataa, na walipolazimishwa walikataa pia fidia, kwa kuwa kuipokea kungekuwa kukiri kwamba ardhi imeuzwa.

Waliouongoza upinzani huo walikuwa washili, yaani wakuu wa koo, pamoja na vijana waliosoma, chini ya Umoja wa Raia wa Meru. Jina la chama chenyewe linastahili kuangaliwa. Kilikuwa chama cha kabila, hakikujificha. Lakini kilijiita cha raia, neno ambalo lilidai uhusiano na dola na haki zinazotokana na uhusiano huo, badala ya kudai damu peke yake.

Mwaka 1952, Kirilo Japhet na wakili wake Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, walifika New York na kuwasilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Safari hiyo iligharimiwa kwa michango ya wananchi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na kifungu cha 76 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kilimtaka mdhamini awaendeleze wenyeji kuelekea kujitawala. Hoja ya Wameru ilisimama juu ya ahadi hiyo. Mwezi Desemba mwaka huo suala lilifika katika Mkutano Mkuu, lakini azimio la kuwatetea Wameru halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika. Kwa hesabu ya siku ile, Wameru walishindwa.

Walishindwa, lakini hawakuchukua silaha. Ikumbukwe mazingira ya wakati huo. Tarehe 20 Oktoba 1952, ng'ambo ya mpaka, Kenya ilitangazwa kuwa katika hali ya hatari, na vita vya Mau Mau, navyo vyenye chimbuko la ardhi iliyochukuliwa na walowezi, vikapamba moto. Watawala wa Jimbo la Kaskazini waliingiwa na hofu ya kuenea kwa vita hivyo, na Wakikuyu wengi waliokuwa wakiishi upande wa Tanganyika walikamatwa. Wameru walikuwa na kila sababu ya hasira, na mfano wa kufuata ulikuwa karibu. Walichagua njia ya madai.

Chaguo hilo lilibadilisha maana ya "yetu". Ili kumwambia mjumbe wa nchi nyingine huko New York kwamba ardhi ya Ngarenanyuki ni yetu, haikutosha kusema kwamba mababu walizikwa hapo. Ilibidi kueleza haki ambayo hata msikilizaji aliye mbali angeitambua kuwa ni haki yake pia kama angenyang'anywa. Na habari hiyo iliporudi Tanganyika, ilisikika vizuri kwa Msukuma, Mhaya na Mzaramo. Chama cha TAA, na baada ya tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU, viliitumia kesi ya Meru kama ushahidi wa yale yanayoweza kumpata Mwafrika yeyote chini ya utawala wa kigeni. Ardhi ya Wameru 3,000 ikawa "ardhi yetu" kwa watu ambao hawakuwahi kuuona mlima huo. Kimilikishi kilipanuka bila kubadilika umbo, kwa sababu msikilizaji aliachiwa mlango wa kuingia.

Haifai kuipamba habari hii kupita kiasi. Harakati za Meru zilikuwa na ugomvi wake wa ndani, hususan juu ya cheo cha Mangi na madaraka ya washili. Lakini hata ugomvi huo ulielekezwa katika kutunga katiba mpya ya utawala wa wenyeji, na mwaka 1953 Sylvanus Kaaya alichaguliwa kuwa Mangi. Palikuwa na mahali pa kubishana.

5. Dai la dayosisi, 1990 hadi 1993

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Muundo wake unajulikana: waumini hukusanyika katika usharika, sharika huunda jimbo, na majimbo huunda dayosisi inayoongozwa na askofu. Meru ilikuwa sehemu ya Dayosisi ya Kaskazini, yenye makao yake Moshi, katika nchi ya Wachaga.

Lalamiko lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitatua. Wameru wengi waliona kwamba wao hutoa sadaka na michango, na maamuzi hufanyika Moshi. Kwamba nafasi za uongozi, masomo na miradi haziwafikii kwa kadiri wanavyostahili. Ni lazima kuelewa uzito wa jambo hili kwa mkulima wa kahawa katika miaka ile. Serikali ilikuwa imepungukiwa na uwezo wa kutoa huduma, na kanisa ndilo lililokuwa na shule, hospitali na uhusiano na wafadhili wa nje. Dayosisi haikuwa mambo ya ibada tu. Ilikuwa chombo cha maendeleo, na asiye na dayosisi yake alijiona hana chombo.

Aidha, ardhi ya mlimani ilikuwa imejaa. Kijana wa mwaka 1990 hakuwa na Ngarenanyuki nyingine ya kudai. Wakati huo huo mfumo wa chama kimoja ulikuwa unafikia mwisho wake, na vyama vingi viliruhusiwa tena mwaka 1992. Katika kipindi hicho, kanisa lilikuwa miongoni mwa majukwaa machache ambamo watu wangeweza kugombea uongozi, kuunda makundi na kupimana nguvu.

Waliotaka kujitenga walitangaza dayosisi yao pasipo kibali cha KKKT. Wengine, nao Wameru vilevile, walikataa kuwafuata. Kuanzia hapo ugomvi haukuwa tena kati ya Meru na Moshi. Ulikuwa kati ya Mmeru na Mmeru. Makundi yaligombania majengo ya ibada, kwa kuwa kila upande ulisema kwamba kanisa lililojengwa kwa mikono ya wazee ni lake. Watu walijeruhiwa na kukamatwa, na majirani walioshirikiana mfereji mmoja wakaacha kusalimiana. Matokeo yake ni makanisa mawili: Dayosisi ya Meru, iliyo ndani ya KKKT, na nje yake kanisa la waliojitenga, lijulikanalo kwa kifupi kama AMEC.

Kwa mtafiti wa lugha, jambo la kushangaza ni hili: hapakuwa na tofauti ya imani. Pande zote mbili zilikuwa za Kilutheri. Zilisoma Biblia moja ya Kiswahili, zikafuata liturujia moja, na kila Jumapili zikasali sala iitwayo Baba Yetu. Hakuna aliyebadilisha neno katika sala hiyo. Kilichobadilika ni idadi ya watu ambao msemaji aliwahesabu alipotamka "yetu".

Hapa ndipo tofauti na mwaka 1952 inapojitokeza. Dai la ardhi lilimlazimu Mmeru kuzungumza na mtu asiye Mmeru na kumshawishi. Dai la dayosisi, lilivyoendelea kukua, lilizungumzwa zaidi na zaidi ndani ya kundi, mbele ya watu waliokwisha kukubali. Msikilizaji wa nje hakushawishiwa. Alitajwa tu kama kikwazo. Na kundi lisilokuwa na msikilizaji wa nje hutafuta adui ndani. Asiyeimba kwa sauti kubwa vya kutosha huonekana amenunuliwa. Mpaka uliokusudiwa kuwatenga Wameru na Wachaga uliishia kupita katikati ya boma la Mmeru, ukawatenga mtu na shemeji yake.

Haki inataka isemwe pia kwamba lalamiko halikuwa la uongo. Meru hatimaye ilipata dayosisi, na hakuna leo anayedai kwamba kanisa la Meru halina haki ya kujiongoza. Kosa halikuwa katika kudai. Lilikuwa katika kulifunga dai.

6. Hoja katika mizani ya mahali pengine

Je, hoja hii inahusu Meru peke yake? Mji wa Arusha, ulio chini ya mlima huo huo, unatoa jibu la kwanza. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ilifanya kazi zake mjini humo hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio ya RTLM na gazeti la Kangura kwa jinsi vyombo hivyo vilivyotumika katika mauaji ya kimbari. Rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu na kufuta sehemu ya makosa, lakini haikufuta msingi kwamba maneno yanaweza kuwa sehemu ya jinai. Neno moja lililosikika mara nyingi katika ushahidi lilikuwa inyenzi, yaani mende. Ni kilele cha lugha iliyofungwa, kwani mende haombwi maoni.

Mji huo huo ulionja pia ghasia zilizolenga ibada. Tarehe 5 Mei 2013, bomu lilirushwa katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi huko Olasiti, siku ya kuzindua parokia hiyo. Watu watatu walipoteza maisha na makumi wengine wakajeruhiwa. Tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba Arusha ni mji wa kuamua migogoro ya wengine tu.

Mfano wa pili unatoka pwani ya Kenya. Kundi la Mombasa Republican Council, lililoanzishwa mwaka 1999, lilijulikana kwa kauli ya maneno matatu: Pwani si Kenya. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012. Nyuma ya kauli hiyo kulikuwa na lalamiko la ardhi ambalo hata mtu wa bara angeweza kulielewa, kwa kuwa maskwota wamo bara pia. Lakini kitenzi kikanushi "si" kilifunga mlango mapema mno. Msikilizaji wa Nyeri au Kisumu aliambiwa yeye si nani kabla hajaambiwa kuna dhuluma gani. Hata hivyo, kundi hilo lilikwenda mahakamani, na kule mahakamani lililazimika kufungua tena kile ambacho kaulimbiu ilikifunga.

Mfano wa tatu unaisahihisha hoja yenyewe. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji wanaotumia jina la dini wameishambulia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mnamo Oktoba 2020 walivuka na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Miongoni mwa lugha walizotumia katika ujumbe wao kimo Kiswahili. "Sisi" yao ni pana kuliko kabila: imewachukua vijana wa pande zote mbili za mto, wa lugha mbalimbali. Kama upana wa "sisi" ungekuwa ndio wema, hawa wangekuwa wema. Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa ukubwa wa kundi. Kipimo ni kama msikilizaji anaweza kusema hapana akabaki salama. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa waliwaambia Wameru hapana mwaka 1952, na kesho yake Wameru wakaendelea kudai kwa maneno. Mwanakijiji wa Kitaya hakupewa nafasi hiyo.

Funzo hili ni chungu kwa wapenzi wa Kiswahili. Imezoeleka kukisifu Kiswahili kuwa lugha ya umoja, na sifa hiyo ina ukweli wake mkubwa katika historia ya Tanzania. Lakini lugha inayovuka mipaka huvuka na chochote ilichobebeshwa.

7. Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba madai ya kikabila na ya kidini hayafanani yote, na kwamba tofauti yao inaweza kusomwa katika lugha. Wameru wa mwaka 1952 na Wameru wa mwaka 1991 walikuwa na malalamiko ya kweli. Waliotangulia walilazimishwa na mazingira kuzungumza na wageni, na kwa kufanya hivyo wakaipanua "yetu". Waliofuata walikuwa na kila uhuru wa kuzungumza wao kwa wao, na "yetu" yao ikanywea hadi ikagawanya nyumba.

Mambo mawili yanafuata kwa wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili. La kwanza ni la ufundishaji. Vimilikishi hufundishwa shuleni kama suala la upatanisho wa ngeli tu: ardhi yetu, kanisa letu, watu wetu. Mwalimu anaweza kuongeza swali moja baada ya kila mfano, nalo ni kama anayeambiwa amo au hamo, na amejuaje.

La pili ni la utafiti, nalo lina haraka. Kesi ya ardhi ya Meru imeandikwa. Kirilo Japhet na Earle Seaton waliitolea kitabu mwaka 1967, na wasomi wa baadaye wameirejea. Lakini vitabu hivyo vikuu ni vya Kiingereza. Ugomvi wa dayosisi, kwa upande wake, ulizungumzwa na kuandikwa kwa Kiswahili na Kirwa: katika mihutasari ya vikao vya sharika, barua za wazee, matangazo ya Jumapili na mahubiri. Wengi walioshiriki sasa ni wazee, na wengine wamekwisha kufariki. Karatasi zao zimo katika masanduku ya majumbani, kwa pande zote mbili. Zikikusanywa, zitaonyesha neno kwa neno ni wakati gani dai lililokuwa wazi lilianza kufungwa, na ni nani aliyejaribu kulizuia. Zikipotea, kizazi kijacho kitarithi mipaka bila kujua ilivyochorwa.

Kutoka Momela hadi Nkoaranga, waumini wa makanisa hayo mawili wangali wanapakana. Wanazikana, wanaoana, na wanauza mazao katika masoko yale yale. Kazi ya kwenda kuwauliza, kwa adabu na kwa lugha yao, ingali inawasubiri vijana wa vyuo vikuu.